Krimu Juu ya Ufa

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Kocha alitoka na fagio na kizoleo akafagia ukingo wa bwawa. Watu wengine hufagia majani. Yeye alifagia makombo ya saruji.

Bwawa lao la kuogelea lilikuwa nyuma ya nyumba. Halikuwa kubwa. Lilizungukwa na mawe bapa ya kijivu, na kati ya jiwe na jiwe palikuwa na mstari wa saruji, upana wa kidole. Zamani mistari hiyo ilikuwa imara. Sasa ilikuwa imepasuka kama visigino vya mtu aliyegombana na mafuta.

"Baba watoto!" Kocha aliita. "Njoo uchukue mali yako!"

Mumewe alitoka jikoni na aproni kiunoni na unga kwenye nyusi. Alikuwa mwoka keki. Keki zake zilikuwa nzuri hata watu waliona vibaya kuzikata. Mtaa mzima ulimwita Krimu.

"Kuna nini tena?"

"Hiki ni nini?"

Krimu alitazama ndani ya kizoleo. Akaokota kombo moja, akalisugua kwa vidole.

"Saruji," alisema.

"Najua ni saruji! Si uliipaka juzi tu?"

"Niliipaka vizuri sana. Ilikuwa laini. Ilikuwa inang'aa. Hata wewe uliisifu."

"Niliisifu kabla haijabanduka."

"Basi nitaongeza nyingine."

Kocha alifumba macho. Hilo neno "nitaongeza" lilikuwa limemchosha. Kila ufa ulipotokea, Krimu alichota saruji nyingi kwenye bakuli. Alitia mchanga kidogo tu, kwa sababu aliuona mchanga kama uchafu. Alitia maji mpaka uji ukatiririka. Kisha alichukua kisu chake kirefu cha kupakia krimu, akaupaka uji huo juu ya ufa, akaulainisha, akarudi nyuma kuutazama, kichwa kikiwa upande. Baadaye aliliachia jua kali liuoke. Ulikauka haraka, ukapendeza. Baada ya muda mfupi ukavunjika kama biskuti.

Lingekuwa jambo la kucheka, kama si watoto.

Kocha alifundisha watoto wa shule ya jirani kuogelea. Muhula uliopita, msichana mmoja mwembamba, ambaye wenzake walimwita Sindano, alijikwaa kwenye mstari uliobomoka. Ukucha wa kidole gumba cha mguu uling'oka. Mwalimu Mkuu alikuja siku hiyo hiyo, akatembea kuzunguka bwawa na viatu vyake vya kisigino. Kisigino kikanasa kwenye ufa. Aliondoka akichechemea, amekunja uso.

"Kocha, mimi nakuheshimu," alisema akiwa mlangoni. "Lakini watoto wangu hawakanyagi hapa tena mpaka pawe salama. Shule ikifunguliwa nitakuja kutazama. Nikikuta ufa, tumeachana."

Sasa ilikuwa likizo, na joto lilikuwa halisemeki. Nyuma ya soko palikuwa na shimo kubwa la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua. Maji yake yalikuwa meusi, na kina chake hakuna aliyekijua. Juzi Kocha alimkuta Sindano njiani na taulo begani.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Shimoni, Kocha."

"Nani amekuruhusu?"

"Wewe umefunga," Sindano alisema, bila ubaya wowote. "Sasa tukaogelee wapi?"

Kocha alimrudisha nyumbani kwa mama yake. Lakini usingizi haukumjia vizuri tangu siku hiyo. Sindano alikuwa bado hajajua kuelea.

"Mpigie simu dada yako," sasa alimwambia mumewe.

"Nani? Fundi?" Krimu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Thubutu! Dada atanicheka mpaka nizikwe. Na kaburini atakuja kunicheka."

"Yeye hujenga sakafu. Ndiyo kazi yake."

"Kupaka kitu juu ya kitu ndiyo kazi yangu!"

Kocha alichukua simu. Aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungua bomba ili asisikike, akampigia wifi yake.

Fundi alifika akiwa na mfuko wa zana begani na kofia iliyokuwa na madoa ya rangi za nyumba zote alizowahi kujenga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara.

"Wifi yangu! Umekonda. Huyu anakulisha keki tu?"

"Ananilisha hasira, wifi."

"Shikamoo dada," Krimu alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mdogo wangu. Haya, nionyeshe hizo keki zako za nje."

Alichuchumaa pembeni mwa bwawa. Aligonga kila jiwe kwa mpini wa nyundo, akisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Ko, ko, ko. Kisha, karibu na bomba la kuogea, mlio ukabadilika. Bo, bo.

"Mmesikia? Jiwe hili chini yake ni tupu. Linacheza. Ukilikanyaga linashuka, ukiondoka linapanda. Saruji iliyo pembeni yake itakaaje bila kupasuka?"

"Kwa nini ni tupu?" Kocha aliuliza.

"Bomba lako linavuja. Maji yanaingia kwenye ufa, yanachukua mchanga wa chini kidogo kidogo. Bomba lizibwe kwanza. Na jiwe hili ling'olewe, litandikiwe upya. La sivyo tunacheza."

Alivaa miwani ya kukinga macho na glavu. Akashika tindo, kile chuma chembamba cha kuchongea, akakigonga kwenye mstari mmoja. Kipande kirefu kikang'oka. Fundi akakiinua, akakitazama kwa ubavu. Kisha akaanza kucheka, mpaka ikabidi akae chini.

"Wifi, njoo uone! Tabaka la kwanza. La pili. La tatu. La nne! Mdogo wangu, uliweka na jamu katikati?"

Krimu alikunja mikono. "Nilijua tu. Ndiyo maana sikutaka aitwe."

"Nicheke au nilie? Umepaka saruji mpya juu ya saruji iliyokufa. Chini kuna vumbi, kuna ukungu, kuna mabaki ya majani. Kitu kipya kitashika nini? Vumbi?"

"Keki iliyopasuka huzibwa kwa krimu, dada. Haibomolewi."

"Keki haikanyagwi na watoto!"

Krimu alishusha mikono. Akavua aproni.

Kazi ilianza kweli. Kwanza walifunika bwawa kwa turubai ili vumbi lisiingie majini. Kisha wakachimba mistari yote iliyopasuka. Fundi hakukubali kuchimba juu juu.

"Upana wa mstari ni kidole kimoja, sivyo? Basi kina kiwe vidole viwili. Mara mbili ya upana. Ukijaza kijuujuu, itabanduka tu."

"Na ile ambayo haijapasuka?" Kocha aliuliza.

"Ikwaruze kwa tindo. Ikiwa ngumu, iache na amani yake."

Waligonga tangu asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi. Walisugua mifereji kwa brashi ya waya, wakafagia vumbi lote. Krimu alinuna, lakini alifagia vizuri. Mwoka keki anajua kusafisha pembe. Fundi aliziba bomba, akang'oa lile jiwe lililocheza, akalitandikia kitanda kipya na kuligonga mpaka likalingana na wenzake.

Kisha Fundi akachanganya. Aliweka sehemu tatu za mchanga safi na sehemu moja ya saruji. Krimu alipouona mchanga wote ule alishika kichwa.

"Dada, unaharibu! Saruji ndiyo yenye nguvu!"

"Saruji ikizidi, inapokauka hujikunja na kupasuka. Mchanga ndio mifupa yake. Na hayo maji yako weka mbali!"

Alitia maji kidogo kidogo, akachota mchanganyiko, akaufinya mkononi. Ulishikana ukawa tonge, wala haukutoa maji.

"Hivi ndivyo unavyotakiwa kuwa. Si uji wa mgonjwa."

Kabla ya kujaza, alichukua brashi akalowesha mifereji.

"Sasa mbona unalowesha wakati umekataza maji?" Kocha aliuliza. Kichwa kilianza kumuuma.

"Jiwe kavu lina kiu, wifi. Litanyonya maji yote ya saruji. Nalowesha kidogo, lakini sitaki maji yatuame."

Alianza kushindilia mchanganyiko kwa ncha ya mwiko wake wa ujenzi. Mwiko ulikuwa mpana, ukamwaga saruji juu ya mawe. Alifyonya. Krimu aliutazama mwiko. Kisha akaingia jikoni kimya kimya, akarudi na kisu chake kirefu cha krimu. Kilikuwa chembamba, kikaingia kwenye mfereji sawasawa. Akajaza tabaka la kwanza, akashindilia kwa nguvu. Akajaza la pili, akashindilia. Juu akalainisha, chini kidogo ya uso wa jiwe. Hakumwaga hata chembe.

Fundi akainama kutazama. "Mh! Huo mkono umejifunza wapi?"

"Harusi za watu," alisema Krimu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Hicho kisu hakirudi jikoni kwangu," Kocha alisema.

Jioni ilipokaribia, mistari yote ilikuwa imejazwa, isipokuwa mmoja. Ni ule uliozunguka bwawa lote, kati ya jiwe la ukingo wa bwawa lenyewe na mawe ya nje. Mfereji huo Fundi aliuchimba, akausafisha, akauacha wazi.

"Huu msiuguse," alisema akikusanya zana. "Nimeuacha makusudi. Nitarudi na kitu chake. Hii mingine ifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa. Asubuhi na jioni mwagieni maji, wiki nzima. Na mtu asikanyage."

"Maji?" Krimu alishangaa. "Si itachelewa kukauka? Nilidhani jua ndilo linaloiivisha."

"Saruji haiokwi, mdogo wangu! Inaiva kwa maji. Ukiliachia jua, inakauka kabla haijawa ngumu, inabaki unga. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na ule mfereji?"

"Nimesikia, dada. Siugusi."

Fundi akaenda zake.

Kesho yake mchana, mama yake Sindano alipita mbio akimtafuta mtoto. Kocha hakuuliza. Alitupa ndoo, akakimbia mpaka nyuma ya soko. Aliwakuta watoto kwenye jabali la shimo, wamevua viatu. Sindano alikuwa ameshaingia. Maji yalimfika kifuani, na mkono mmoja alikuwa ameng'ang'ania mzizi.

"Usiachie!" Kocha alipiga kelele. "Usisogee!"

Aliteremka na nguo zake, akamshika kwapani, akamvuta. Miguu ya Kocha mwenyewe haikugusa chini. Alipomfikisha juu hakumchapa wala hakumkaripia. Alikaa naye kwenye jiwe, wote wawili wanatweta.

"Bwawa letu linafunguliwa lini?" Sindano aliuliza, meno yakigongana.

"Karibu. Naapa ni karibu."

Kocha alirudi nyumbani akiwa amelowa, viatu vikilia chwa, chwa, chwa. Alipofika nyuma ya nyumba alisimama.

Krimu alikuwa amepiga magoti, kisu mkononi, uso umejaa furaha. Mfereji ule uliokatazwa alikuwa ameujaza saruji wote, kuzunguka bwawa zima.

"Karibu mke wangu! Nilikuwa nataka kukushangaza. Dada aliishiwa mchanganyiko, akaona aibu kusema. Nimemmalizia. Mbona umelowa?"

Kocha alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Alisema msiuguse."

"Lakini tazama! Keki gani inaachwa na pengo pembeni?"

"Alisema! Msi! U! Guse!"

Majirani wanasema walisikia hilo neno mpaka barabarani. Krimu aliweka kisu chini. Kocha akamweleza alikotoka, na mahali alipomkuta Sindano, na maji yalimfika wapi. Krimu alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake, lakini furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Labda itashika," alinong'ona.

Haikushika. Wiki ilipokwisha Fundi akarudi, wakaondoa magunia. Mistari yote ya kati ya mawe ilikuwa migumu, imetulia. Fundi aliikwaruza kwa msumari, msumari ukateleza. Lakini kwenye ukingo, kuzunguka bwawa zima, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Fundi alimtazama mdogo wake. Safari hii hakucheka.

"Kaa hapa," alisema. "Weka mkono kwenye jiwe la nje. Likoje?"

"La moto."

"Sasa gusa ukingo wa bwawa, hapo kwenye maji."

"Wa baridi."

"Haya. Hivi ni vitu viwili tofauti. Bwawa ni beseni zito lililojaa maji, halibabaiki. Mawe ya nje yamelala juu ya udongo. Jua likipiga yanatanuka, usiku yanarudi. Mvua ikinyesha udongo unavimba. Yanasukumana na bwawa kila siku. Ukiweka kitu kigumu katikati, kitavunjika tu, hata ungekichanganya kwa machozi. Hapa panatakiwa kitu kinachonyumbulika."

Akatoa mfukoni kamba laini ya sponji na mirija ya silikoni, ile gundi inayokauka ikawa kama mpira.

"Kumbe ndilo pengo lenyewe," Krimu alisema polepole. "Uliliacha ili vipate nafasi ya kupumua."

"Hatimaye!" Kocha aliiambia mbingu, kwa sababu duniani hakuona wa kumwambia.

Krimu alichimba mfereji wote peke yake. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba. Alipomaliza alikimbilia ndoo ya maji.

"Weka chini!" Fundi na Kocha walisema pamoja.

"Si niloweshe kwanza?"

"Silikoni inataka pakavu!" Fundi alisema. "Pakavu kabisa, bila vumbi. La sivyo haishiki."

"Kule maji, huku pakavu. Dada, kazi yako ina visirani."

Wakasubiri pakauke. Fundi akasukumia kamba ya sponji ndani ya mfereji ili gundi isizame yote, kisha juu yake akaminya silikoni. Hapo Krimu aliomba mrija. Kuminya kitu laini kwenye mstari bila kutetemeka, hilo hakuhitaji kufundishwa. Alizunguka bwawa zima, na mstari ukatoka mmoja, safi, bila kukatika.

Lakini siku zilikuwa zimekwisha. Asubuhi iliyofuata shule ilifunguliwa, na Mwalimu Mkuu akaja. Nyuma yake walikuwa watoto wa darasa zima na taulo zao, Sindano akiwa mbele.

"Ni leo," Krimu alimnong'oneza mkewe. "Mwache apite. Silikoni imeshika juu. Nani atajua ndani bado mbichi?"

"Mimi nitajua," Kocha alisema.

Mwalimu Mkuu alivua viatu. Alizunguka bwawa kwa miguu mitupu, akikanyaga kila mstari, akisugua kwa kidole cha mguu. Aligonga jiwe lililokuwa likicheza. Halikucheza. Akarudi mbele ya Kocha.

"Nimeridhika. Watoto waingie."

"Hapana," Kocha alisema.

"Hapana nini?"

"Hawaingii leo. Gundi ya ukingo haijakomaa. Watoto wataishika kwa mikono, wataichubua, maji yataingia chini, turudi kule kule. Waje keshokutwa."

Mwalimu Mkuu alishika kiuno. "Kocha, mimi ndiye niliyekuja kukataa. Sasa wewe unanikatalia?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na nakuomba, hizo siku mbili usiwaachie watoto hawa wazurure. Wanakwenda shimoni."

Watoto walinung'unika. Mwalimu Mkuu akavaa viatu vyake taratibu.

"Nitawaweka shuleni mpaka jioni," alisema. "Mtu anayenizuia kuingiza watoto, huyo naweza kumwachia watoto. Keshokutwa."

Na keshokutwa walikuja. Maji yalitapakaa juu ya mawe, na mawe hayakutikisika. Miguu midogo ilikimbia pale ilipokatazwa kukimbia, na hakuna aliyejikwaa. Sindano alishika ukingo kwa mikono miwili, akalegeza mmoja. Kisha akalegeza wa pili, akalala chali. Maji yakambeba.

"Ninaelea!" alipiga kelele, akanywa maji, akasimama akikohoa, akajaribu tena.

Wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti pembeni. Mmoja alimwendea Krimu kuulizia keki ya siku ya kuzaliwa.

"Keki tutaongea," Krimu alimjibu. "Kwanza niambie. Nyumbani kwako, pale veranda, kuna nyufa? Zipo? Basi sikiliza. Usipake juu! Watu wengi wanakosea hapo. Unachimba, kina mara mbili ya upana. Saruji, kaka yangu, haiokwi. Saruji inaiva kwa maji. Lakini ukingoni, pale vitu viwili vinapokutana..."

Alimshika mzazi yule mkono, akampigisha magoti ili aone vizuri. Mzazi wa pili akasogea. Krimu akapaza sauti ili na wa nyuma wasikie.

Kocha alimtazama mumewe. Akaitazama mistari ya kijivu, migumu, mizima. Akamtazama Sindano anayeelea. Kisha akavuta pumzi ndefu, akazama. Kule chini palikuwa na miguu ya watoto tu, inapiga maji, na hapakuwa na mtu yeyote anayeeleza saruji.